Ukurasa Bila Alama ya Kuuliza

Kabuta, Nchelenge
Tarehe 13, mwezi wa sita, 1999

Yaya Guylain,

Nakusalimia, kaka yangu, mu jina ya Bwana. Usishituke kuona mwandiko yangu. Najua habari yenye ilikufikia kule Lusaka. Ule mutumbwi ulizama mbele ya Pweto siku watu walikimbia vita, miye sikuwa ndani. Nilikuwa nimeshaweka muguu moja, kiisha nikakumbuka nguo za mutoto nilizoacha ku mulango, nikarudia. Nilivuka na mutumbwi wa nyuma. Wenye waliona ule muguu moja njo banasema nilikufa.

Tulishukia Mununga, kiisha nikafika hapa Kabuta. Mama mumoja wa huku, jina yake BaMwila, alinipa nyumba ndogo nyuma ya jiko yake. Tarehe 19 ya mwezi wa tano nilizaa mutoto mwanamuke, ku kliniki ya Kafutuma. Anaitwa Priscille. Ana masikio ya baba yake, ile ya kusimama kama inasikiliza mambo ya majirani.

Sasa yaya, njo sababu ya barua. Juma iliyopita alipita mufanyabiashara mumoja wa kwetu, Parfait, anaendaka kuuza mafuta Moba. Anasema bwana yangu Valère ni muzima. Vita ilimukuta Moba na chumvi yake ya kuuza, akavuka ziwa Tanganyika, yuko upande wa Tanzania, mahali gani hajui. Amenyoa kichwa juu yangu. Watu wa kwao banasema kilio yangu itatolewa, matanga iishe, mbele ya Noeli, na kilio ikishatolewa mwanaume ni huru, batamutafutia bibi mwengine. Yaya, niko hapa nanyonyesha mutoto yake, naye ananililia.

Njia naiona moja. Valère ana kaka yake mukubwa, François, yuko Ulaya, mu muji wa Liège, anafanya kazi mu nyumba ya bitabu. Valère aliniambiaka: François akiandika jina ya mutu mu ordinateri, ile kompyuta, inamuonyesha kwenye huyo mutu iko. Adrese yake ilikuwa ku nyumba, na nyumba iliungua.

Lakini karani wa kanisa hapa, Ba Davies, mwenye miwani, aliniandika mu orodha ya watu waliopotezana. Anasema orodha inaenda Lusaka, biro fulani, kwa Mukongomani mumoja mwenye shingo ndefu anayejua ordinateri. Nikamuuliza kama anasema sana. Akasema, sana. Nikajua ni weye.

Karatasi yangu ya orodha ina nambari 347. Ukurasa yangu iko? François anaweza kuiona? Nifanye nini miye huku? Na weye, unakula muzuri?

Mudogo yako,
Mama Priscille
(mara ya kwanza naandika hii jina, acha nijisikie)


Lusaka
Tarehe 27, mwezi wa sita, 1999

Mudogo yangu Arlène,

Nilisoma barua yako nikiwa nimesimama, kiisha nikakaa chini ku sakafu ya biro. Boss wangu Ba Nkonde aliniuliza nani amekufa. Nikamuambia, hapana, kuna mutu amefufuka. Nilishakulilia, ujue. Ile machozi utanirudishia na samaki.

Ndiyo, nambari 347 iko. Orodha niliitengeneza miye mwenyewe na nilikuwa najivuna nayo. Haina kurasa zilizoandikwa tayari. Habari za watu ziko mahali pamoja, kama mu kabati. Mutu akija kuuliza nambari, programu inafungua kabati, inakamata habari, inamutengenezea ukurasa pale pale. Akitoka, ukurasa haiko tena. Adrese yako inaishia hivi: watu?nambari=347.

Lakini niliandika jina yako mu ile mashini kubwa ya kutafuta, ya bazungu, ile François anatumia. Mara tatu. Hakuna kitu. Nikaandika majina ya wengine wa mu orodha. Hakuna hata mumoja.

Nikusimulie. Mashini ile haizunguki dunia wakati unauliza. Ina kamashini kadogo kanatembea mbele, kila siku, kutoka ukurasa moja mpaka ingine, kanasoma, kanaandika mu kitabu. Ukiuliza, mashini inaangalia paka mu ile kitabu, mu ile tu. Sasa kale kamashini kakikuta alama ya kuuliza mu adrese, kanarudi nyuma. Kanaogopa, sababu nyuma ya ile alama programu inaweza kukatengenezea kurasa bila mwisho, na kenyewe kazunguke ndani kama samaki mu mutego, kanaona mulango wa kuingia, wa kutokea hakaoni.

Kwa hiyo weye na wenzako mia tisa muko mu kabati yangu, lakini dunia haiwaoni. Ba Nkonde anasema orodha inatembea muzuri, mwenye kuijua atakuja kuuliza. François haijui. Bon. Acha nifikiri. Mutoto wa mama mukubwa yako hajashindwa bado.

Yaya yako,
Guylain


Kabuta
Tarehe 18, mwezi wa saba, 1999

Yaya Guylain,

Unisamehe ile barua ya kwanza. Niliihesabu mu kichwa, niliweka alama ya kuuliza ine. Sikujua kama njo inafunga njia. Tangu barua yako ilifika sijaandika hata moja, na sitaandika mpaka Valère aonekane.

Nilienda kwa Ba Davies, nikamuomba karatasi yangu ya orodha. Ku mustari ya bwana kulikuwa ile alama. Niliifuta na wembe, pole pole, karatasi haikutoboka. Ba Davies alishusha miwani, akaniambia, "Awe, Bana Priscille," njo kusema hapana, Mama Priscille, "nieleze kwanza kosa ya hiyo alama." Nikamuambia aangalie sura yake. Ni ndoano. Iko na mukunjo yake, iko na risasi yake chini ya kuzamisha. Sisi watu wa ziwa tungejua toka mwanzo. Samaki mwenye akili akiona ndoano anarudi, sasa kamashini ya bazungu kenyewe hakana akili kuliko samaki, naona ni haki yake kurudi.

Yaya, nina neno ingine. Usicheke.

BaMwila anauza chisense, hii samaki ndogo ya kukausha. Ile ya muzuri alikuwaka anaificha ndani ya nyumba, mu bitunga, sababu ya vumbi na mbuzi. Inje anaweka paka kasahani kamoja. Anasema mwenye kutaka ataniuliza. Sasa wanunuzi wa huku ni watu wa baiskeli, banatoka mbali mu mashamba, banapita mbio, njia yao ni ndefu. Hawashukake kuuliza. Banashuka kwenye macho yao imeshaona. Walikuwa banapita mbele yetu banaenda kununua kwa jirani, samaki yenye muchanga.

Nikamuambia, mama, tutandike yote inje. Akasema mbuzi. Nikasema mbuzi nitafukuza miye, nina fimbo na nina mutoto mugongoni, sina safari. Tulitandika mikeka kumi na moja, kila siku ya kuvua mukeka yake, na wa kwanza ku barabara kabisa, ili mutu akishukia wa kwanza aone wa pili, akifika wa pili aone wa tatu, mpaka ku ziwa. Siku ya tano bitunga vilikuwa vitupu. BaMwila anasema mbuzi amekula kidogo kuliko ile ilikuwa inaozaka ndani.

Weye una watu mia tisa ndani ya nyumba, na unangoja wapita njia bashuke kukuuliza. Kale kamashini ni mutu wa baiskeli. Hakashuki. Tandika watu inje, yaya, kila mutu mukeka yake.

Priscille ameanza kucheka, bila sababu, kama weye.

Mama Priscille


Lusaka
Tarehe 9, mwezi wa nane, 1999

Arlène wangu,

Nimecheka mpaka Ba Nkonde akafunga mulango. Mudogo yangu, alama ya kuuliza ya mu barua haina kosa. Ni ile ya mu adrese tu. Andika yako kwa uhuru, hakuna kamashini kanasoma barua zako, ni miye peke yangu, na miye siogopi ndoano.

Kiisha niliacha kucheka, sababu ya mikeka. Nilisoma ile sehemu mara mbili. Nikavaa koti nikaenda kwa boss. Nikamuambia, tusingoje mutu aulize. Tutengeneze ukurasa ya kila mutu mara moja, tuiandike, tuiache pale, na adrese yake ya kawaida, watu, kiisha 347, basi. Mbele yake tuweke ukurasa moja yenye majina yote, kila jina ni mulango wa ukurasa ya mwenyewe, na ile tuifunge ku ukurasa ya kwanza ya kanisa, kwenye kamashini kanafikiaka. Ba Nkonde akasema hiyo ni kurudi nyuma, kurasa zilizoandikwa ni kazi ya zamani. Nikamuambia kabati inabaki vilevile, habari tunazishika humo. Programu itakuwa inatoka nazo kila siku ya kwanza ya juma na kutandika upya, sababu watu banaongezeka. Akaniuliza nani amenifundisha. Nikasema muuza chisense wa Kabuta. Aliniangalia sana. Kiisha akasema, "Basi fanya, kabla hajaomba kazi yako."

Asubuhi moja programu ilitandika watu elfu moja mia moja arobaini na sita. Hakuna alama ya kuuliza hata moja. Nimepelekea mashini za kutafuta habari kwamba soko imefunguliwa. Banasema juma sita, pengine nane.

Tunangoja na raha.

Guylain


Lusaka
Tarehe 24, mwezi wa kenda, 1999

Arlène,

Kamashini kalipita. Kalianza ku orodha kakashuka mukeka kwa mukeka mpaka ku mwisho. Leo asubuhi niliandika jina ya muzee mumoja wa Pweto, akatokea. Niliandika ya mwalimu wa Moba, akatokea. Biro muzima ilikuja kuangalia.

Kiisha nikaandika Arlène Tshilombo. Hakuna.

Nikafungua ukurasa 347 na macho yangu. Unajua kumeandikwa nini. Kichwa: Bana Priscille. Mahali: Kabuta. Bwana: hajulikani. Mutoto: Priscille. Basi. Mu ukurasa yote hakuna Arlène, hakuna Tshilombo, hakuna Pweto, hakuna Valère. Mashini inatafuta neno lenye limeandikwa, haijui kusoma roho. Nani alikuandika hivi? Valère hajui kama kuna Priscille mu dunia. François ataandika nini, akufikie?

Niliangalia wengine. Wanawake mia mbili na zaidi banaitwa Bana fulani, Mama fulani. Niandikie mbio. Hizi siku za mbele ya Noeli si nyingi.

Guylain


Kabuta
Tarehe 10, mwezi wa kumi, 1999

Yaya Guylain,

Barua yako ilifika na lori ya samaki ya Ba Musonda, nikaisoma nikiwa nimekaa ku mutumbwi uliopinduliwa, mutoto ananivuta sikio.

Usikasirikie Ba Davies. Siku ile aliuliza jina, na BaMwila akanijibia, juu ya heshima. Huku kwa Babemba, mama akishazaa, jina yake inakaa nyuma ya mutoto. Hata kwetu ni vilevile. Kumuita mwanamuke mwenye mutoto jina yake tupu, mbele ya watu, ni kama kumuvua kitambaa ya kichwa. Ba Davies ni mutu wa adabu, aliandika adabu. Hata miye nilifurahi, mutoto alikuwa na siku kumi na mbili, nilitaka dunia yote iniite hivyo. Angalia barua zangu, ninasaini nini.

Basi nilienda kwake, nikamuambia, "Ba Davies, leo andika bila adabu." Akasema ataona haya kuwauliza bamama majina yao. Nikasema nitauliza miye, weye andika tu, angalia karatasi usiangalie watu.

Tumetembea siku ine, Kabuta yote, kiisha Kafutuma ku kliniki, kwenye bamama bako mustari na batoto. Mwanzo walicheka, wengine walikataa. Mumoja aliniambia, "Weye mutoto wa juzi, unataka jina yangu ya nini, unamutafutia kaka yako bibi." Nikamuambia nina yaya mumoja Lusaka, shingo ndefu, sijui kama utamupenda. Walipocheka ikawa rahisi. Kuna mama mumoja wa Pweto alisema jina yake kwa sauti ndogo kama anaiiba. Suzanne. Akaniambia tangu mama yake alikufa, hakuna mutu alishamuita hivyo. Aliniomba nimuite tena. Nilimuita.

Karatasi zote ziko mu hii bahasha, wanawake makumi nane na ine, kila mumoja na jina yake ya kuzaliwa, kwenye alitoka, na bwana yake ao mutu anayemutafuta. Wale wengine mia na zaidi bako mbali, Ba Davies ameandikia makarani wenzake bafanye vilevile.

Sasa yangu. Andika kichwa hivi: Arlène Tshilombo. Pembeni yake andika tena Chilombo. Ba Davies amesoma kiingereza, anaandika na C na H. François amesoma kifransa, ataandika T, S, H. Sisi tunasikia jina moja, lakini weye umesema kamashini hakasikii, kanaona tu. Fanya hivyo kwa kila mutu mwenye jina ya namna hii, bako wengi. Ku mustari ya bwana futa hajulikani. Anajulikana sana. Ni Valère Kafula, muuza chumvi, wa Pweto, alikuwa Moba mwezi wa tatu. Andika kwamba nilikuwa nyuma, mu mutumbwi wa pili. Na mutoto: Priscille, mwanamuke, alizaliwa tarehe 19 mwezi wa tano.

Bana Priscille usiifute. Iweke chini. Ni jina yangu vilevile.

Nimeona unasema siku si nyingi. Zinatosha. Watu wa baiskeli banarudiaka kwenye walikuta samaki muzuri.

Mudogo yako,
Arlène (leo nimejilazimisha)


Lusaka
Tarehe 19, mwezi wa kumi na moja, 1999

Arlène,

Kamashini kamerudi. Leo niliandika Tshilombo, ukatoka wa kwanza. Niliandika Chilombo, ukatoka wa kwanza. Niliandika muuza chumvi Pweto, ukatoka weye tena, Ba Nkonde akasema huyu mwanamuke amenunua mashini yote.

Kazi ya mikono imeisha. Inabaki paka mutu mumoja kule Liège aandike neno moja.

Guylain


Kigoma, misioni
Tarehe 7, mwezi wa kumi na mbili, 1999

Arlène, bibi yangu,

Naandika hii jina, naisoma tena. Miezi tisa nilikuwa naitaja mu sala ya wafu tu.

Nikuambie ilivyokuwa. Nilimupelekea François barua mu mwezi wa kumi, kumuambia niko huku. Alitaka kuona kama jina yangu iko mu orodha ya wakimbizi wa Kigoma, apate kunitumia koti na dawa. Yako hakuitafuta. Nani anatafuta mufu mu ordinateri? Aliandika Valère Kafula, Pweto. Mashini ikamupa ukurasa moja tu, na haikuwa yangu. Ilikuwa ya bibi yangu. Miye nilikuwa mu mustari ya ine, ku "bwana".

Alipiga telefone ku biro ya misioni, bapadri wakanikimbilia. François hasemake maneno mingi. Aliniambia, "Kaa kwanza." Nikasema nimekaa. Akasema, "Hapana, naisikia sauti yako, umesimama." Nikakaa. Akanisomea. Alipofika ku mutumbwi wa pili nilimuambia asimamishe kusoma kidogo. Kiisha akasoma ku mutoto. Nilimuambia arudilie ku mutoto. Alirudilia mara ine, na telefone ya Ulaya ni ghali, na hakulalamika.

Kilio ilikuwa itolewe tarehe 20. Ndugu zangu waliokuwa huku walishachagua mutu wa kunikatia nywele ya mwisho. Nilivua ile kitambaa nyeusi pale pale mu biro. Walidhani nimepata wazimu, mpaka padri akaleta ukurasa, François ameituma na fakisi, wakaisoma bao wenyewe, wakagawana kuishika.

Ninangoja karatasi za njia. Nitapanda meli mpaka Mpulungu, kiisha malori. Hii barua inatangulia na mutu wa samaki.

Ukurasa inasema siku ya kuzaliwa, inasema mwanamuke. Haisemi anafanana na nani. Masikio yake ni ya nani?

Valère yako


Kabuta
Tarehe 21, mwezi wa kumi na mbili, 1999

Valère,

Masikio ni yako. Pole kwa mutoto.

Jana ilikuwa tarehe 20. BaMwila hakuniacha nifanye kazi. Alipika kuku, akaita wale bamama wote wa karatasi zetu, akasema leo tunakula kilio ya mutu mwenye anakula nasi. Mama Suzanne alikuwako, bado hajapata mutu wake, lakini sasa anaitwa jina yake ku soko yote na anageuka haraka. Ba Davies aliomba kusoma barua yako kwa sauti. Nilimupa, ile nusu ya kwanza.

Guylain ananicheka sababu tangu mwezi wa saba sikuandika alama ya kuuliza hata moja. Amenielezea mara mingi kwamba ya mu barua haifungi kitu. Miye nilisema siandiki mpaka uonekane. Sasa umeonekana. Kwa hiyo naandika moja, Valère, ndoano moja tu, na samaki yake najua ni nani.

Unafika siku gani?

Arlène Tshilombo,
na Chilombo,
Mama Priscille